Mdomo wa Egbert Pinnock

Mama yake alimleta Egbert Pinnock kwenye nyumba ya yatima ya Mtakatifu Blasio akiwa na miaka minane, akamwambia asimame langoni ashike mkoba, yeye anakwenda dukani kununua barafu. Ilikuwa Agosti ya mwaka 1941, jua la Spanish Town linachoma mpaka mbwa wanalala mitaroni. Mimi nilikuwa uani nafyeka majani. Nilimwona amesimama pale tangu asubuhi mpaka kengele ya chakula cha jioni, mkoba kaukumbatia kwa mikono miwili. Bradha mmoja alipotoka kumchukua, alikataa kuingia.

"Mama amekwenda kununua barafu," alisema.

Ua mzima ukaangua kicheko, na mimi nikacheka. Bradha akaufungua ule mkoba ili aandike daftarini mtoto kaja na nguo gani. Ndani hamkuwa na nguo. Yalikuwamo magazeti yaliyokunjwakunjwa ili mkoba uonekane umejaa. Egbert akayatazama magazeti yale, halafu akaingia ndani mwenyewe bila kushikwa mkono.

Naitwa Alphonso Gayle, Fonso kwa walionizoea. Nilikuwa nimemtangulia pale kwa miaka miwili, na tayari nilikuwa napiga tarumbeta katika bendi ya watoto. Bendi ile ilifundishwa na Bwana Lumsden, mtu mrefu, mkavu, aliyetoka jeshini na masharubu yake. Hakuwa mtu wa fimbo. Ukikosea noti, alikupandisha juu ya kreti mbele ya wenzako na kukuamuru urudie lile kosa, lilelile, mara ishirini. Wenzako nao waliamriwa wacheke. Asiyecheka alipanda kreti baada yako. Ndivyo tulivyofunzwa muziki, na ndivyo tulivyofunzwa kucheka.

Wiki ya pili Bwana Lumsden alimshika Egbert kidevu, akakigeuza huku na huku kama mtu anayenunua punda. Midomo ilikuwa minene na migumu, na nyuma yake meno ya mbele yamesimama sawasawa kama ukuta wa matofali.

"Huu mdomo umeumbwa kwa kazi," alisema. "Mpeni tarumbeta."

Toka siku hiyo jina lake likawa Mdomo. Alinikuta najua nyimbo kumi na moja. Baada ya miezi mitatu alizijua zote, na za kwake zilikuwa na kitu ambacho zangu hazikuwa nacho, sijui nikiite nini, kama vile noti ilikuwa imeshakasirika kabla hajaipuliza. Siku moja nilikosea, nikapandishwa kwenye kreti, na aliyecheka kuliko wote alikuwa yeye. Nilipomaliza mara ishirini zangu, Bwana Lumsden akaniambia nihamie kiti cha pili. Egbert akakaa kwenye changu, kingali na joto.

Nilikikalia kiti cha pili kwa miaka ishirini.

Tulitoka pale mwaka 1950, kila mtu na suruali moja na barua ya kumtambulisha. Tukapata kazi pwani ya kaskazini, kwenye mahoteli ya watalii, tumevishwa kofia za ukindu na mashati yenye maua, tunapigia watu wanaokula kamba na kuzungumza juu yetu tukiwa pale pale. Egbert hakuvumilia. Alikuwa na kipaji kingine zaidi ya kupiga nyimbo. Aliweza kumwiga mtu kwa tarumbeta. Akimwona mzee anachechemea, anapiga kule kuchechemea kwake. Akimsikia mwanamke anacheka kama bata, bata anatokea kwenye tarumbeta. Wageni walifurahi sana mpaka siku alipomwiga mke wa mwenye hoteli alivyokuwa akitafuna. Kufika saa sita mchana tulikuwa barabarani, bendi nzima, tunatafuta lori la kuturudisha Kingston.

"Umetuponza, Mdomo," nilimwambia.

"Nani, mimi? Ametafuna yeye," akajibu.

Kingston ya miaka ile ilitawaliwa na wenye mitambo ya muziki. Mtu alikuwa na maspika makubwa kama makabati, anayapanga kwenye ua, anauza bia na supu ya mbuzi, na watu wanacheza kwa santuri za Marekani. Mkubwa wa upande wetu alikuwa Cyprian Mais, polisi wa zamani, mnene, mwenye pete tatu, ambaye kila mtu alimwita Kanali. Kanali alikuwa na kigugumizi. Kilimshika hasa kwenye herufi za midomo, na watu wake walikwishajifunza kutazama pembeni kwa adabu mpaka neno litoke. Nyuma ya duka lake palikuwa na karakana ya maseremala waliomtengenezea makasha ya maspika, na kando ya karakana kulikuwa na chumba kilichogongewa magunia ukutani. Hicho ndicho kilichokuwa studio.

Mwanzoni mwa mwaka 1960 alituita hapo asubuhi moja, watu saba.

"Wamarekani wameacha kupiga ule muziki wetu wa kurukaruka," alisema. "Sasa wanaimba mapenzi kama w-wagonjwa. B-b-basi tutapiga wenyewe."

Mpiga gitaa akaanza. Kwa uvivu au kwa ubishi, sijui, badala ya kupiga juu ya mapigo ya ngoma akawa anakata nyuzi nyuma ya mapigo hayo, katikati ya pigo na pigo, ka, ka, ka. Mpiga piano akamfuata. Sisi wa tarumbeta, saksafoni na tromboni tukaingia kama tulivyozoea, noti ndefu, laini, za hotelini. Egbert akatusimamisha.

"Nyie mnapuliza kama mnapoza uji," alisema. "Fonso, hiyo noti unaivuta unaipeleka wapi? Imeolewa, unaisindikiza kwa mumewe? Ikate!"

"Niikate vipi?"

"Kama shingo ya kuku, bwana! Ka! Ingia na gitaa, toka na gitaa. Ukiwa na huzuni nenda kalilie nyumbani."

Tukakata. Chumba kile kikabadilika. Mwili ulianza kwenda wenyewe, magoti yanapanda, na maseremala kwenye karakana wakaacha kazi wakaja kusimama mlangoni na misumari midomoni. Kisha Egbert akapiga sehemu yake ya peke yake. Alianzia chini, akanung'unika kidogo, akapanda kwa hatua fupi fupi, na katikati, mahali ambapo sikio lako lilitaka ashuke, akaruka juu, akaning'inia kwenye noti moja kali ambayo haikuwa na haki ya kuwa pale. Nywele zilinisimama. Nilimchukia kwa moyo wangu wote.

Wimbo ule aliupa jina "Mbuzi wa Bi Adina", kwa sababu ya mbuzi wa jirani aliyekuwa akilia nje tulipokuwa tunarekodi. Kanali aliutoa kwenye santuri yenye karatasi nyeupe isiyoandikwa kitu, kama walivyofanya wenye mitambo wote, ili wapinzani wasijue nani kapiga nini. Ndani ya mwaka mmoja kila mpiga tarumbeta kuanzia Rockfort mpaka Greenwich Farm alikuwa anakata noti kama Egbert. Muziki wenyewe ulipata jina, ukaitwa ska. Watu wengi walijitokeza kusema ni wao walioanzisha. Mimi nasema niliyoyaona.

Miaka ile Egbert aliishi Jones Town na msichana aliyeitwa Myrtis Lindo, fundi cherehani, mwembamba, mwenye sauti ndogo safi. Aliomba aimbe na bendi. Alimwomba kwa miezi. Jumamosi moja alasiri Egbert akakubali, tukafanya mazoezi uani, na majirani wakakaa juu ya ukuta wakila samaki wa kukaanga. Myrtis alikuwa amejishonea gauni la njano kwa ajili ya siku ile. Akaimba vizuri ubeti wa kwanza. Kwenye ubeti wa pili, alipopanda juu, sauti ikamteleza kidogo.

Egbert akainua tarumbeta akapiga ule mtelezo, vilevile ulivyokuwa.

Watu wakacheka. Myrtis naye akatabasamu, akidhani ni utani wa nyumbani.

"Endelea, mpenzi," Egbert akamwambia.

Akarudia, na kwa hofu sauti ikateleza zaidi. Egbert akaupiga tena mtelezo huo mpya.

"Eg, acha basi," alisema Myrtis. "Mbele za watu."

Na Egbert akaipiga sentensi ile pia. Acha basi, mbele za watu, kwa tarumbeta, na ule mtetemo wa mtu anayejizuia kulia. Watu walianguka ukutani kwa kicheko. Mimi nilicheka mpaka machozi yakanitoka, na wala sikuwa nimeamriwa na mtu. Myrtis akavua viatu vyake vya kisigino, akavishika mkononi, akapita katikati yetu akatoka nje ya ua.

"Atarudi," Egbert alisema, akifuta tarumbeta kwa leso. "Cherehani yake iko kwangu."

Hakurudi. Alimtuma kaka yake na mkokoteni kuja kuchukua cherehani.

Jumatatu ya Pasaka, mwaka 1962, Kanali alifanya karamu kubwa ya mchana ufukweni, upande wa Bull Bay. Mabasi yalileta watu wa mjini na vikapu vya shelisheli na samaki wa chumvi. Kanali alivaa suti nyeupe. Alitaka kutangaza kwa watu kwamba atafungua studio ya pili, basi akapanda jukwaani akashika kipaza sauti. Neno la kwanza lilikuwa "Marafiki." Lile likapita. La pili lilikuwa "b-b-b-b." Tukatazama pembeni kwa adabu, kama kawaida. Umati ukatulia. Kanali akajaribu tena, b-b-b-b, mishipa imemtoka shingoni.

Hapo tarumbeta ikamjibu. B-b-b-b. Si kwa sauti kubwa. Egbert alikuwa amekaa nyuma yake, mguu juu ya mguu, macho kayafumba kama mtu anayesali.

Ufukwe mzima ukalipuka. Watu walijitupa mchangani. Kina mama walishikana mabega. Kanali akafungua kinywa aseme kitu, kikamshika tena, na Egbert akamsaidia tena, safari hii akamalizia na kipande kidogo cha kucheza, na mpiga ngoma, mjinga yule, akamwekea mapigo. Watu wakaanza kukicheza kile kigugumizi. Kanali akashuka jukwaani taratibu, akapanda gari lake akaondoka. Hakumtazama mtu.

"Mdomo, nenda kaombe msamaha leo hii," nilimwambia. "Twende wote kama unaogopa."

"Msamaha wa nini? Nimemtafsiria."

Jumatano yake tuliitwa studio saa nne asubuhi, mimi na Egbert peke yetu. Kanali alikuwa ameketi kwenye kiti cha mpiga piano. Walikuwapo watu wake wawili, mmoja akafunga mlango. Karakanani maseremala walikuwa wanapiga randa, nasikia mpaka leo.

"Egbert," alisema Kanali. "Ile ya juzi. N-nataka kuirekodi."

"Ipi, Kanali?"

"Ile y-yangu."

Egbert akacheka kidogo. "Ah, Kanali. Ule ulikuwa utani tu, bwana. Unanijua mimi."

"Nakujua. P-piga."

Egbert akanitazama, akainua tarumbeta. Wale watu wawili wakamshika viwiko, kila mmoja upande wake, kwa upole kabisa, kama wanaomsaidia bwana harusi kuvaa koti. Akapiga. Hakujua kupiga vibaya, huo ndio uliokuwa ulemavu wake. Akakipiga kigugumizi cha Kanali polepole, chini chini, na Mungu anisamehe, kilikuwa kizuri.

Kanali akanipa nyundo, ile nyundo ya mti ya maseremala.

"Fonso. Umekaa kiti cha p-pili miaka mingapi?"

"Ishirini, bosi."

"Akifika mwisho, gonga tarumbeta kwa mbele. P-pale ilipotanuka. Mara moja."

"Bosi, tafadhali."

"Hutaki? Sawa. Mpeni yeye nyundo, na Fonso ashike tarumbeta." Akanisogelea karibu. "Unadhani yeye atakataa?"

Nilimtazama Egbert. Macho yake yalikuwa juu ya tarumbeta, yananitazama, na alikuwa bado anapiga. Hakutikisa kichwa, hakunisihi. Alifika mwisho wa kile kipande na akaishikilia noti ya mwisho kwa muda mrefu, mrefu kuliko ilivyostahili, yeye aliyetufundisha kukata.

Nikagonga. Chuma kiliingia kinywani kwa sauti ndogo, kama mtu anayekanyaga kigae. Niliambiwa mara moja. Niligonga mara mbili.

Walimwacha kwenye ngazi za kituo cha afya na tarumbeta yake imelazwa kifuani. Alipoteza meno sita ya mbele, na mdomo wa juu ulichanika mpaka chini ya pua. Daktari alimshona vizuri, lakini palipotokea kovu hapakuwa na hisia tena. Polisi walipomwuliza, aliandika kwenye karatasi kwamba alianguka na baiskeli. Egbert hakuwahi kuwa na baiskeli.

Agosti ikaja uhuru. Bendera mpya zilitundikwa kila nguzo, watoto waligawiwa vikombe vya bati, na kutwa nzima redio na kila spika ya mjini ilipiga "Mbuzi wa Bi Adina". Watu walicheza barabarani mbele ya chumba cha Egbert, naye ndani anakunywa uji wa mahindi kwa mrija. Bendi ilipopita kwenye maandamano, kiti cha kwanza kilikuwa changu. Nilipiga ile sehemu yake, noti kwa noti. Nilikuwa nimeisikiliza sana.

Miaka miwili baadaye alijaribu kurudi. Alikuwa ametengenezewa meno ya bandia na fundi mmoja wa Cross Roads, akafanya mazoezi peke yake chooni kwa muda wa mwaka mzima. Kanisa moja la Allman Town lilikuwa na tamasha la Jumapili mchana kuchangia paa, wakamkubali apige wimbo mmoja wa dini. Ukumbi ulijaa. Wengi hawakuja kwa ajili ya paa.

Alisimama na suti ya kuazima. Mistari miwili ya kwanza ilitoka, nyembamba lakini safi, na nikaona bibi mmoja anafuta macho. Mstari wa tatu ulikuwa na noti ya juu. Akaifuata, na meno ya juu yakachomoka. Tarumbeta ikatoa sauti ya mtu aliyekula maharage. Ukumbi ukasita. Ni kanisani, kila mtu anajiuma midomo asicheke.

Kisha kutoka safu ya mbele mwanamke mmoja akaitoa sauti ile ile, kwa mdomo wake, kwa usafi kabisa. Alikuwa Myrtis. Alikuwa na mume sasa, karani wa posta, na mtoto mapajani. Alimtazama Egbert bila hasira yoyote, akairudia.

"Endelea, mpenzi," alisema.

Hata mchungaji alicheka. Egbert akayarudisha meno yake mahali pake kwa kidole, akainama kwa heshima kama tulivyofundishwa, akatoka kwa mlango wa nyuma. Tarumbeta aliiuza wiki ile ile kwa mtu wa bendi ya polisi.

Baada ya hapo alipata kazi ya kuosha chupa kwenye kiwanda kidogo cha soda. Aliosha chupa kwa miaka ishirini na moja. Wahuni wa mtaani walimpigia kelele, "Mdomo, toa meno tuone!" naye aliwajibu matusi ambayo hata wao iliwabidi wayakumbuke ili wayatumie kwingine. Ulimi ulibaki mzima. Kanali alifungua studio yake ya pili, na ya tatu, akajenga nyumba milimani, akafa usingizini akiwa na miaka themanini, waimbaji wake wamemzunguka. Mimi nilipigia mazishi yake. Tulikutana mara kwa mara njiani, mimi na Egbert. Kila mara alinisalimu kwa jina langu kamili, Alphonso Gayle, kwa sauti ya hakimu, akapita. Hakuwahi kumwambia mtu.

Mwaka 1986 alikuja kwangu Mjapani mmoja, Bwana Kuroda, kijana wa Osaka mwenye suti nyeusi na kofia ndogo, katikati ya joto la Juni. Kiingereza chake kilikuwa cha kuokoteza. Alikuwa amebeba santuri moja ndani ya taulo, na alipoifungua, ilikuwa ile ya karatasi nyeupe. Tukaiweka kwenye mashine ya binti yangu. Ile noti ya juu ilipofika, Bwana Kuroda akafumba macho na kuinamisha kichwa.

"Huyu mpiga tarumbeta," alisema, "namtafuta miaka tisa. Watu wanasema wewe unajua."

Binti yangu alikuwa anatuletea maji ya limau. Mke wangu alikuwa dirishani. Kutoka pale kwenda alipokuwa Egbert ni mwendo wa nusu saa kwa miguu.

"Ni mimi," nikasema.

Nilikwenda Osaka mwaka uliofuata. Ukumbi ulikuwa na vijana wengi, wote wamevaa nyeusi, na waliijua kila noti. Waliiimba pamoja nami. Nilipofika kwenye ile ya juu, wengine walilia. Walinipa maua na wakapanga foleni ili nitie sahihi kwenye karatasi ile nyeupe, karatasi baada ya karatasi.

Niliporudi nilikwenda kumwona. Alikuwa ameshahamishiwa nyumba ya maskini wasiojiweza, kifua kimeharibika kwa mvuke wa kiwandani. Ilikuwa Jumapili mchana, wamemkalisha kwenye benchi uani. Hakuvaa meno. Nilimletea shati jipya la pamba na picha moja ya Osaka. Sijui kwa nini niliileta ile picha. Nadhani nilitaka aione.

"Alphonso Gayle," alisema. "Nasikia umekwenda Ujapani."

"Nilikwenda."

"Wamekupigia makofi?"

"Sana."

"Kwa ajili ya Mbuzi?"

"Ndiyo, Mdomo."

Akaitazama ile picha, akaisogeza mbali na macho, akaileta karibu. "Na pale katikati, ulipitaje? Hebu niimbie."

Nikamwimbia. Alipoisikia ile noti ya juu alianza kucheka, fizi tupu, akacheka mpaka kikohozi kikamshika na muuguzi akageuka kutazama.

"Hapo nilikosea," alisema alipopata pumzi. "Vali ya pili ilinasa chini ya kidole. Nilikuwa nashuka, mjinga wewe. Nilitaka kwenda chini. Na Kanali alikuwa bahili wa santuri, akasema iache hivyohivyo." Akajifuta machozi kwa kiganja. "Kwa hiyo umezunguka dunia nzima na kosa langu, unalirudia rudia!"

Nikamwuliza lile lililonikaa rohoni miaka yote, kwa nini hakunitaja kwa mtu yeyote.

"Ningekutaja wangekufunga," alisema. "Ungekaa jela miaka mitatu minne, ungetoka, ungejiona umemaliza. Niliona afadhali ukae nalo nyumbani, ulale nalo na mkeo." Alisema haya taratibu, bila kukasirika, kama mtu anayeeleza bei ya kitu. Kisha akainama kunikaribia. "Ya kwanza ilikuwa ya Kanali. Hiyo naijua. Ya pili ilikuwa ya nani?"

"Yangu."

"Ahaa." Akaegemea benchi. "Nilitaka tu kusikia. Shati liache. Hiyo picha ondoka nayo."

Alikufa Machi ya mwaka 1990. Aliyenipa habari ni mpiga gitaa wetu wa zamani, na siku mbili zilikuwa zimeshapita. Nilipofika kwenye makaburi ya wasio na ndugu, wachimbaji walikuwa wamekaa kivulini wanakula, wakanionyesha kwa kijiko udongo ulikokuwa bado mbichi. Nilikuwa nimebeba tarumbeta. Mmoja akaniuliza kama nitapiga, maana wangependa kusikia kitu wakati wa chakula. Nilimwambia mdomo unaniuma.

Usiku sikulala, na asubuhi nikamwandikia Bwana Kuroda. Nilimweleza kwamba kwenye ile santuri mimi ni ile tarumbeta ya nyuma, isiyosikika vizuri, na kwamba yule wa mbele alikuwa mtu anayeitwa Egbert Pinnock, na ameshakufa. Niliandika jina lake kwa herufi kubwa ili asilikosee. Kuhusu nyundo sikuandika.

Jibu lilikuja baada ya wiki tano, limepigwa chapa vizuri, la heshima sana. Alinishukuru kwa unyofu wangu. Alisema habari hiyo imemhuzunisha na ataitunza. Lakini mabango ya safari ya pili yalikuwa yameshachapishwa, miji sita, na picha yangu, na mashabiki wameshanizoea mimi. Alisema pia, kama mzee wa heshima hatakasirika, ile noti ya katikati safari iliyopita niliikata mapema kidogo, na vijana wanaomba safari hii niiache ining'inie kama ilivyo kwenye santuri.

Ndani ya bahasha ilikuwamo tiketi ya ndege. Nikatoa tarumbeta, nikafunga dirisha ili majirani wasisikie, nikaanza mazoezi.